Maswali ya Wasomaji: Je, Pita ya Kigiriki ni Nyepesi Kuliko Mkate?

SWALI: Mshauri wa lishe, pokea salamu zangu kutoka Buruburu. Mume wangu ana umri wa miaka 52 na ana presha. Mwezi uliopita daktari alimweleza pia kwamba sukari yake imeanza kupanda, hivyo apunguze chumvi na mkate mweupe. Wifi yangu alinishauri tuache mkate, tununue pita ya Kigiriki ya pakiti, kwa kuwa ni nyepesi. Pakiti ina vipande 5 na uzito wa gramu 400. Mbele imeandikwa kalori 106. Nyuma, kwa kila gramu 100, kuna kilojuli 1,109, kalori 265, mafuta gramu 4.5, wanga gramu 46, nyuzinyuzi gramu 3, protini gramu 8.5 na chumvi gramu 1.2. Yeye hula vipande viwili kila jioni. Je, tumefanya vyema? – Mama wa watoto watatu.

JIBU: Mama, nakushukuru kwa kunakili lebo nzima, kwa sababu jibu lako limo humo. Tuanze na ile 106 ya mbele. Gramu 400 zikigawanywa kwa vipande 5, kila kipande kina gramu 80, na gramu 80 za pita hii zina kalori 212. Maana yake ni kwamba 106 ni hesabu ya nusu kipande, ilhali mumeo anakula vipande viwili vizima, yaani kalori 424 kabla hujampakulia kitoweo. Desturi hii ya kuandika kipimo ambacho watu hawakili hunisikitisha sana, kwa kuwa mtu aliyesimama dukani jioni, huku ana mgonjwa nyumbani, hana nafasi ya kupiga hesabu, na tarakimu kubwa ya mbele ndiyo inayomwamulia. Wala usitishwe na 1,109: kilojuli ni kipimo kingine cha nishati ile ile, na ukiigawanya kwa 4.184 unarudi kwenye kalori 265.

Wifi yako hakukosea kwa nia mbaya, kwani macho yenyewe hudanganyika. Baada ya kusoma barua yako nilinunua pakiti ya namna hiyo, nikaweka kipande kimoja kwenye mizani ya jikoni, kikasoma gramu 82; kipande cha mkate wetu wa kawaida uliokatwa kikasoma gramu 29. Pita ni bapa na imeshikana, mkate umejaa hewa, na kwa hiyo kipande kimoja cha pita kinakaribia vipande vitatu vya mkate. Gramu kwa gramu, vyote viwili ni unga wa ngano, maji, hamira na chumvi, na mkate mweupe nao huwa na takriban kalori 265 katika gramu 100.

Kuhusu sukari, tazama mstari wa wanga na si ule wa sukari pekee, kwa maana wanga wa unga uliokobolewa humeng'enywa haraka na kuingia kwenye damu ukiwa sukari. Kipande kimoja kina gramu 37 hivi za wanga, na viwili vina karibu 74. Wagonjwa waliofundishwa kuhesabu wanga kwa mafungu ya gramu 15 watatambua kwamba hayo ni mafungu matano kwa mlo mmoja.

Hata hivyo, linalonitia wasiwasi zaidi ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Vipande viwili vya pita yako vina gramu 1.9, yaani karibu asilimia 40 ya kiwango hicho, na mumeo hataionja, kwa sababu chumvi ya mkate imetawanyika ndani ya donge, ambako huupa unga nguvu na kuituliza hamira isiumue haraka mno. Mgonjwa wa presha anaweza kuacha kabisa kuinyunyiza mezani na bado akaila kwa wingi kupitia mkate. Baadhi ya pakiti huandika sodiamu badala ya chumvi. Hapo zidisha kwa 2.5, hivyo miligramu 480 za sodiamu ni gramu 1.2 za chumvi.

Mafuta ya gramu 4.5 yasikushangaze. Pita ya Ugiriki, ile inayofungiwa nyama ya souvlaki, ni nene, haina mfuko ndani, na hupakwa mafuta ikachomwa, tofauti na ile ya Kiarabu ambayo mvuke wa tanuri huipasua katikati na ambayo kwa kawaida ina mafuta kidogo sana. Chapati iliyokaangwa vizuri huizidi kwa mbali. Ifunge katika karatasi nawe utaona. Kumbuka pia kwamba maneno «ya Kigiriki» hueleza mtindo tu, na mahali ilipotengenezwa pameandikwa kwingine kwenye pakiti.

Ushauri wangu ni kwamba apate kipande kimoja, si viwili, na nafasi iliyobaki ijazwe na ndengu, sukuma wiki, au kachumbari isiyotiwa chumvi, pamoja na mtindi uliochanganywa na tango na kitunguu saumu kama Wagiriki wafanyavyo. Soseji na jibini ya feta, inayohifadhiwa katika maji ya chumvi, zisiambatane nayo. Ukiweza, kanda mwenyewe kwa unga wa atta na chumvi kidogo, kisha uchome kwenye kikaango kikavu cha chapati kilichopata moto sana. Utajua kila kilichomo.

SWALI: Je, pita ya rangi ya brauni ni ya ngano nzima? – Msomaji, Kasarani.

JIBU: Si lazima, ndugu yangu, kwa kuwa rangi hiyo inaweza kutokana na kimea au karameli. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito, kwa hiyo unga wa ngano nzima uwe wa kwanza katika orodha. Kisha tazama nyuzinyuzi: pita nyeupe huwa na gramu 2 au 3 katika gramu 100, na ya ngano nzima hufika 6 au zaidi. Ukikuta brauni yenye 3, umelipia rangi.