Re: Nimepewa nafasi ya kuimba Iron Maiden ila sauti haifiki juu

Wewe uliyeuliza ununue maiki gani na kama ukizipiga zile kelele za juu za Bruce Dickinson, mwimbaji wa Iron Maiden, bendi ya metali ya Uingereza, kila siku koo litazoea: acha leo. Halizoei.

Umesema mwenyewe kwaya walikuweka besi, sauti ya chini kabisa, halafu bendi yako inataka uimbe nyimbo zao za 1982 kwenye ufunguo uleule, yaani urefu uleule wa sauti wa orijino. Ndo njia niliyopita mimi. Mwalimu mmoja wa sauti, hela yangu kala, akaniambia koo ni msuli, likiuma ujue linakomaa, we kunywa tangawizi na asali uendelee. Mtu wa hivyo hafai kumfundisha hata jogoo kuwika! Nikaendelea mpaka nikawa naamka sauti haipo inatoka hewa tu, mwisho daktari wa koo akapitisha waya wa kamera puani na kwenye skrini naviona vinundu vyeupe kwenye nyuzi za sauti, kimoja huku kimoja huku, zinashindwa kufunga. Tiba ikaanza na kunyamaza. Wiki na wiki naongea na wanangu kwa kuandika kwenye simu, na bendi ikatafuta mtu mwingine.

Na mfano upo siku zote. Blaze Bayley alipochukua nafasi ya Dickinson pale Iron Maiden 1994 alikuwa na sauti nzito, nzuri kweli, lakini jukwaani anabebeshwa nyimbo zilizotungwa kwa koo la mwenzake, na matamasha mengine yakafutwa sauti ilipogoma. Mashabiki wakamsema vibaya mpaka akaondoka 1999 na Dickinson akarudi. Sasa sikiliza Sign of the Cross ya 1995 na The Clansman ya 1998, zilizotoka akiwa yeye ndo mwimbaji. Anatisha! Dickinson mwenyewe aliporudi akaziimba, kwenye shoo ya Rio 2001 zote mbili zimo. Kwa hiyo msiniambie Blaze hakujua kuimba, kilichomwangusha ni kuimba mahali pa mtu mwingine.

Shusha ufunguo. Mazoezi yajayo kabla hamjawasha ampu waambie wapiga gita washushe nyuzi za gita kwa toni nzima, yaani nusu-toni mbili, ikibana bado washushe toni moja na nusu. Wakisema haitasikika kama orijino waulize nani kati yao atalipa daktari. Wakigoma, huo wimbo usiuimbe, chagueni mwingine.