Mzee anarukaruka kwa mguu mmoja? Mkalisheni kwanza

Mkuu, uzi wako nimeusoma nikagota pale ulipoandika kwamba mzee ana kisukari, presha na moyo, amekatwa chini ya goti, "lakini ni mpambanaji, anarukaruka mwenyewe hadi chooni". Na watu wamempigia makofi!

Mkalisheni. Leo hii.

Mimi nilikatwa hivyohivyo, kwa kisukari hichohicho. Fundi wa miguu ya bandia akaniambia kwa kujiamini kabisa, "Una bahati, mguu mmoja ni mzima, utumie uzoee." Mzima! Labda alidhani kisukari kilipewa mguu mmoja tu, kikaonywa kisivuke mpaka.

Basi nikaruka. Kila ukiruka, uzito wote unatua mbele ya unyayo na ngozi inasuguliwa, na mwenye ganzi hasikii kitu. Mke wangu ndiye aliyeuliza mbona soksi ina doa. Chini ya kidole gumba palikuwa na sugu, na chini ya sugu kidonda kilichokwisha kuchimba ndani. Kigutu wakati huo kimepona vizuri, kinafungwa bandeji na kubembelezwa kama mtoto mchanga, kila mgeni anakisifia.

Sasa piga hesabu ya hasara. Kidonda cha unyayo hakitaki kukanyagiwa, na damu isipofika vizuri kinapona kwa kujivuta. Mguu wa bandia nitajifunzia wapi wakati mguu wa kusimamia ndio huo mgonjwa? Nikawekwa kwenye kiti cha magurudumu, goti limekunjwa kutwa nzima, na usiku nikaliwekea mto chini kwa raha zangu. Likakakamaa. Paja likanyauka. Soketi niliyokwisha kupimwa, yaani kile kikombe cha mguu wa bandia ambamo kigutu huingia, ikakataa, goti halinyooki na kigutu kimesinyaa. Yule fundi akasema eti sikufanya mazoezi. Nilitamani niwe na mguu wa kumpigia teke.

Kwa hiyo kiti atumie, ila kigutu kiwekewe ubao kinyooke, mto chini ya goti marufuku, na alale kifudifudi mara kwa mara kama moyo unamruhusu. Kuhama kitandani afundishwe na mtu wa mazoezi ya viungo, asirushwerushwe.

Moyo nao si wa kupuuza. Aliyekatwa chini ya goti kwa ugonjwa wa mishipa hukadiriwa kutumia nguvu karibu 40% zaidi anapotembea na mguu wa bandia, na wewe unasema mzee anahema akiongea tu. Halafu kuna dawa za presha na moyo zinazopunguza mapigo: mapigo hayatakuonyesha amechoka kiasi gani, na sukari ikishuka moyo hauendi mbio kama ulivyozoea, dalili inayobaki wazi ni jasho. Apimwe sukari kabla ya mazoezi.

Mdau wa juu mwenye ugonjwa wa figo, uliyelalamika kuhusu soketi, kulegea kwake baada ya kusafishwa damu ni maji yametoka mwilini. Ongeza soksi za kigutu kwanza, usikimbilie soketi mpya.

Turudi kwenye unyayo, maana ndio niliojia hapa. Utazamwe asubuhi na usiku, na mtu mwingine, kwa sababu kisukari hula macho pia na mzee atakwambia hamna kitu. Kiatu kiwe cha kufunika, chenye nafasi, na mtu mwenye vidole visivyo na ganzi aingize mkono ndani kabla hakijavaliwa. Ndala tupa. Maji ya moto ya kuloweka, wala usiyachemshe. Wekundu usiofutika, lengelenge, sehemu yenye joto kuliko nyingine: hospitali siku hiyohiyo, hata kama hapaumi. Hasa kama hapaumi.

Uliuliza pia anunuliwe mguu wa bandia wa aina gani na lini ataendesha gari. Aina gani ya nini, mkuu, na unyayo hujautazama? Mvue soksi sasa hivi, angalia katikati ya vidole na kisigino, kisha mpeleke kliniki ya miguu ya wenye kisukari kabla hujaongea na fundi yeyote.