Re: Darasa la pamoja na wanafunzi wa nje, nafaidika nini kama sisafiri?

Mdogo wangu, umeuliza mwanafunzi wa uuguzi hapa Tanga ajisumbue vipi na darasa la mtandaoni pamoja na wenzake wa Finland ilhali ndege hapandi. Mimi nilijiunga kwa ajili ya Kiingereza tu, nisikufiche. Kilichonibakisha ni kingine.

Siku moja tulipewa mgonjwa wa kufikirika: mtoto mwenye homa kali na degedege. Wenzetu wakawa wanazunguka. Sisi tuliotoka zamu wodi ya watoto tukasema haraka, mpime malaria na sukari. Kimya. Mmoja akakiri hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria. Nilikaa vizuri kwenye kiti! Wiki iliyofuata ikawa zamu yao: mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, anaishi peke yake. Sisi tukauliza, wajukuu wako wapi? Wakacheka, kisha wakatufundisha.

Saa hazisumbui: kiangazi chao tuko sawa, baridi wako nyuma yetu saa moja. Bando ndiyo shughuli. Zima kamera, bakiza sauti. Ila muulize mwalimu kwanza kama kazi zina alama. Kikundini kwetu wawili waliyeyuka walipojua hazina.