Ndani ya korongo hamna korongo

Wiki hii maswali yenu yanajibiwa na mzee wa Bombo aliyekausha ndege na wanyama wa makumbusho kwa miaka 31.

Shikamoo mzee. Darasa letu lilipelekwa makumbusho Kampala. Rafiki yangu anasema wale wanyama wamejazwa pamba, mwingine anasema nyama imo humo humo ila imetiwa dawa. Nani mkweli? (Mwanafunzi, Arua)

Marahaba, mwanangu. Wote wamekosa, ila wa pamba amekosa kidogo. Nyama ingebaki mngeinusa kabla hamjashuka kwenye basi. Cha mnyama mwenyewe ni ngozi yake, na kwa ndege ongeza manyoya, mdomo, miguu na fuvu. Macho ni kioo. Kinachoshika umbo ndani tunakitengeneza sisi, na hapo ndipo kazi ilipo. Kuchuna hata mchinjaji anaweza.

Mwaka wangu wa kwanza nililetewa korongo taji, yule wa kwenye bendera yetu, aliyekufa kwa kugonga waya wa umeme. Nikamchuna nisichane hata mahali pamoja. Nikaweka mwili wake mezani, nikafunga nyuzi za mbao kwa uzi mpaka zikawa na umbo kama lile lile, nikapitisha waya miguuni, shingoni na mabawani, nikamvika ngozi, nikashona. Nikamsimamisha nikingoja sifa. Mzee aliyenifundisha akamzunguka mara mbili, akaniuliza, "Wewe, huyu amekunywa?"

Nilikuwa nimekunja miguu pasipokunjwa. Kile kiungo cha katikati ya mguu wa ndege unachodhani ni goti ni kifundo. Goti lenyewe limejificha juu, ndani ya manyoya. Mzee hakunionyesha. Alinipa daftari na penseli, akanituma kwenye kinamasi upande wa Luweero asubuhi tatu mfululizo, nichore tu. Siku ya pili niliwaona wametua juu ya mti, jambo ambalo korongo wasio na taji hawaliwezi. Hawa wetu wana kidole kirefu cha nyuma cha kushikia tawi. Nami kidole hicho nilikuwa nimekiacha kinaning'inia kama uzi uliosahaulika.

Jingine: ile nyama nyekundu ya kooni hupoteza rangi ikikauka. Manyoya hayabadiliki upesi, ila ngozi tupu inakuwa kama karatasi ya sukari. Kwa hiyo unaandika rangi mapema, halafu unapaka kwa brashi. Ule wekundu mliouona kooni ni wa rangi ya kopo.

Mzee, kijana wangu amemaliza shule na anasema anataka kazi kama yako. Kuna mtu aliyewahi kupata jina kwayo? Asome nini? (Mama, Jinja)

Mama, jina lipo, pesa ndiyo chache. Mwambie habari za John Edmonstone, mtu mwenye asili ya Afrika aliyezaliwa utumwani Guyana, akapata uhuru, akaishi Edinburgh akikausha ndege. Mwaka 1826 alimfundisha kazi hii kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari, Charles Darwin. Darwin baadaye alizunguka dunia na meli ya Beagle, akarudisha ngozi za ndege ambazo bado zinazungumzwa. Mwalimu wake hazungumzwi sana.

Halafu kuna Carl Akeley wa Marekani. Kabla yake wengi walijaza majani makavu mpaka tembo akawa gunia. Yeye alipima, akafinyanga misuli kwa udongo, akatoa kalibu, akapata umbo jepesi lenye uwazi ndani. Mwaka 1921 alikuja milima ya Virunga akaua gorila wa milimani kwa ajili ya makumbusho ya New York. Namheshimu kwa mikono yake, si kwa bunduki yake. Ila baada ya hapo alidai walindwe, na Wabelgiji, waliotawala Kongo wakati huo, wakatenga hifadhi mwaka 1925. Alifariki 1926 kwenye mlima Mikeno, upande wa Kongo, safu moja na Muhavura wetu wa Kisoro, akazikwa huko huko.

Kijana asome baiolojia. Achore kila siku. Afinyange. Na ajue kushona, kwa sababu mimi niliajiriwa sijui hata kutia kifungo. Wewe mwenyewe jiandae na harufu: mke wangu aliniwekea maji ya kuoga nje, na waumini wenzangu msikitini walijua ni wiki ya kiboko kabla sijawaambia.

Babu alituachia ngozi ya chui na kichwa cha nyati ukutani, vya zamani sana. Vinanyonyoka. Naweza kuvisafisha mwenyewe? (Msomaji, Masindi)

Usivisafishe, na watoto wasivichezee. Zamani mafundi walipaka ngozi sabuni yenye aseniki ili wadudu wasile, na sumu hiyo haiishi kwa miaka. Vumbi linaloanguka ukipiga brashi unalivuta wewe. Mimi nilitumia chumvi, shabu na boraksi, na kila kilichoingia stoo kililala kwenye friza kwanza, maana nondo wawili tu wanatosha kumvua simba sharubu.

Hilo la chui lina jambo la pili. Sheria ya wanyamapori ya 2019 haijali kwamba ni cha babu: kukaa nacho bila kibali ni kosa. Nenda ofisi ya wanyamapori iliyo karibu ueleze kabla jirani hajaenda kukuelezea. Vyote vifunike kwa nailoni, na ukimaliza unawe mikono.