Plagini za wapima ardhi sita: tovuti ijengwe vipi?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Tuko wapima ardhi sita, wengi wetu tumepitia Chuo cha Ardhi Tabora, sasa tumetawanyika Tabora mjini, Nzega na Kigoma. Kila mmoja ana plagini zake za QGIS, ile programu ya kompyuta ya kuchora ramani, yaani vijiprogramu vya nyongeza alivyoandika mwenyewe: kubadili kodineti za zamani, kupanga jedwali la bikoni (alama za mipaka), kukagua eneo la kiwanja. Tunapeana kwa WhatsApp na flashi, na siku hizi hatujui nani ana toleo gani. Tunataka tovuti yenye akaunti, kila mtu apakie yake, wengine wapakue na kuipa nyota. Baadaye tuuze baadhi. Tumeshapata fundi wa kuijenga. Unatushaurije? (Msomaji, Isevya, Tabora)

JIBU: Ndugu yangu, huyo fundi msimlipe kwanza. Sehemu kubwa ya mnachotaka QGIS inacho tayari.

QGIS inaweza kusoma ghala la plagini la mtu yeyote. Inahitaji faili moja tu, ambalo kwa kawaida huitwa plugins.xml, lenye orodha ya kila plagini: jina, namba ya toleo, toleo la chini la QGIS linaloweza kuiendesha, na anwani ya kupakulia zipu, yaani faili lililobana plagini nzima. Faili hilo na zipu zake mnaviweka kwenye nafasi yoyote ya mtandaoni inayogawa mafaili. Hakuna hifadhidata, hakuna nywila za kusahauliwa. Kila mmoja wenu anaingia sehemu ya kusimamia plagini, upande wa mipangilio, anaongeza anwani ya faili hilo mara moja tu. Kuanzia hapo toleo jipya likiingia kwenye orodha, kompyuta yake inamjulisha. Angalieni tu namba iliyo kwenye orodha ifanane na ile iliyo kwenye metadata.txt, faili la maelezo ya plagini lililo ndani ya zipu, la sivyo mtu atasasisha leo na kesho ataambiwa asasishe tena. Wa Nzega asiye na bando apewe zipu ileile kwa flashi, maana QGIS husakinisha hata kutoka kwenye zipu.

Ongezeni ukurasa mmoja wa kawaida wenye maelezo ya Kiswahili na picha ya kila plagini, basi.

Kazi yenyewe iko kwenye kusoma msimbo. Plagini ya QGIS huandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na ikishawashwa inaweza kufanya kila unachoweza kufanya wewe kwenye kompyuta yako: kusoma mafaili, kuyafuta, kuyatuma nje. Mwaka 2018, kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, mwenye kifurushi cha event-stream alichoka kukitunza. Mtu akajitolea kumsaidia, akakabidhiwa, kisha akapenyeza msimbo wa kuiba bitcoin. Kwa hiyo kitufe cha "pakia" kilicho wazi kwa kila mtu sikipendi. Plagini isiingie kwenye orodha mpaka mwenzenu ambaye hakuiandika awe ameisoma mstari kwa mstari. Mko sita, mnatosha.

Ila kwenu nyinyi siogopi wizi kama ninavyoogopa hesabu. Niliwahi kupewa plagini na jamaa mmoja, Tabora ilikuwa inafanya kazi safi. Nikaifungulia Kigoma, viwanja vya Mwanga vikarukia pande za Kondoa! Hakuna ujumbe wa kosa, ramani imetulia tu. Nilipofungua msimbo nikakuta EPSG:32736 imeandikwa palepale kwenye mstari, yaani namba ya UTM kanda ya 36 Kusini kwa WGS 84. UTM ni mfumo wa kodineti unaoigawa dunia kanda za nyuzi sita sita, na WGS 84 ndio msingi wa vipimo unaotumiwa na GPS. Tabora yote iko kanda hiyo. Kigoma mjini iko magharibi ya longitudo ya nyuzi 30, kanda ya 35, namba yake ni 32735, na ukisogea mpaka Kasulu au Uvinza umesharudi 36. Ukikosea kanda unahama nyuzi sita kamili.

Na hilo ni kosa la heri, kwa sababu linaonekana. Baya ni kuchanganya Arc 1960, msingi wa zamani wa vipimo vyetu (namba za kanda zake ni 21035 na 21036), na WGS 84: unahama karibu mita 300. Bado uko Tabora, mtaa unafanana, ila bikoni zimekaa kwenye shamba la mtu mwingine. Basi wekeni nukta tatu za majaribio ambazo majibu yake mnayajua, moja Tabora, moja Kigoma mjini, moja Kasulu. Toleo likishindwa hata moja, halipandi.

Zipu ikishatoka msiibadilishe wala kuifuta. Kosa lisahihishwe kwa namba mpya. Mwaka 2016 mwandishi mmoja aliondoa npm kifurushi chake cha left-pad, mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka. Halafu kila zipu ifunguliwe kabla ya kupandishwa. Nimewahi kukuta ndani yake folda ya mfano yenye majina ya wateja na mipaka ya viwanja vyao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, yule mzee wa watu hakukupa ramani yake uitembeze.

Kuhusu kuuza: QGIS iko chini ya GPL, leseni ya programu huria, na plagini zinazoitegemea zinatakiwa ziendane nayo. Bei mnaweza kuweka, lakini aliyenunua ana haki ya kupata msimbo na kumpa jirani yake bure. Ningekuwa nyinyi ningetoza mafunzo na kazi ya kuwasakinishia watu plagini ofisini kwao.

Akaunti na nyota ziacheni mpaka siku mpimaji msiyemjua atakapoomba kuweka plagini yake kwenu. Hapo ndipo mumtafute yule fundi.