Kona ya Maswali: Suka wa Mbagala Kafeli Karatasi Pittsburgh

SWALI: Dada wa Kona habari za kazi. Mi Mtanzania nipo Pittsburgh, Pennsylvania, mwezi wa nane sasa. Nimeendesha daladala ya Mbagala–Kariakoo miaka 11 na Mungu shahidi sijawahi kugonga hata kuku. Sasa nimeenda kufanya ule mtihani wa kompyuta wa kupata lena, kibali cha mwanafunzi wa udereva, nimefeli mara mbili, wanataka upate 15 kati ya 18 na ile ya pili niliona kabisa napita, kumbe wapi. Kompyuta ya pembeni alikuwepo dogo wa miaka 16, usukani wenyewe nadhani hajawahi kushika, katoka anacheka. Mke wangu nae kaanza, ananiuliza kumbe Dar ulikuwa konda? Kiingereza nasoma vizuri tu, sio tatizo. Nisomeje huu mtihani?
Suka wa Mbagala

JIBU: Kaka Suka pole, na mwambie wifi apunguze utani maana hata mimi nilifeli. Nilikuwa nimeendesha Arusha miaka 9, nikaingia pale kifua mbele, kitabu sijafungua hata ukurasa, swali la kwanza tu likaniuliza unapaki umbali gani kutoka kwenye bomba la zimamoto. Lile bomba fupi la chuma linalosimama pembeni ya barabara kama mtoto aliyenuna. Arusha nani alishawahi kukuuliza habari hizo? Nikabonyeza la kubahatisha, likakataa. Jibu ni futi 15, kama mita nne na nusu hivi, na sitakaa nisahau.

Nadhani na wewe unaumwa ugonjwa huo huo. Unajibu kutokea kwenye usukani, na ule mtihani wala haukuulizi kama unajua gari, unauliza kitabu cha jimbo kimeandika nini. Dogo kapita kwa sababu kichwani hamna kitu cha kugombana na kitabu, wewe una miaka 11 ya Kilwa Road inayokujibia kabla hujamaliza kusoma swali.

Chukua kipilefti. Jina lenyewe linakudanganya! Nyumbani unazunguka kwa kushoto na unampisha anayetokea kulia kwako, basi huku geuza yote, unazunguka kwa kulia na unampisha aliye ndani tayari, ambaye anakujia kutokea kushoto. Mkono wako unajua vizuri tu ukiwa barabarani maana unafuata wenzio, ila mbele ya kompyuta hamna wenzio wa kuwafuata.

Halafu ile njia panda yenye kibao cha stop pande zote nne. Kwetu pale anapita aliyetanguliza pua, tusidanganyane. Huku aliyefika kwanza ndo anaondoka kwanza, na mkifika pamoja basi wa kushoto anampisha wa kulia kwake. Na kusimama maana yake tairi zimeganda kabisa, sio ile ya kupunguza na kuchungulia. Taa nyekundu nayo ina yake, unaruhusiwa kukunja kulia ikiwa nyekundu kama hamna kibao kinachokataza, lakini unasimama kwanza, unapisha watembea kwa miguu na magari, ndo unakunja. Wengi wetu tunajibu hairuhusiwi kwa sababu tunaona aibu kuamini.

Basi la shule ndo linaangusha watu wengi, mimi nimefundisha watu watatu hapa nyumbani na wote waliteleza hapo. Lile la njano likianza kumwekesha taa nyekundu na kufungua kibao cha stop ubavuni, unasimama angalau futi 10 kutoka lilipo, uwe nyuma yake, uwe unakuja kwa mbele yake, hata kama mnakutana kwenye makutano. Unakaa hapo mpaka taa zizimike, kibao kirudi na watoto wawe wamefika pahala salama. Unaposamehewa ni pale tu ambapo unatokea upande wa pili na katikati kuna kizuizi cha kweli, ukuta, vyuma, au tuta la majani. Mistari ya rangi sio kizuizi, hata iwe minne. Swali likikuchorea mistari miwili ya njano katikati, usiingie mtego.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mistari: njano inatenganisha magari yanayopishana, nyeupe inatenganisha yanayoenda upande mmoja. Njano inatakiwa iwe kushoto kwako siku zote, ukiiona kulia ujue umeingia kwa watu.

Namba ndo hamna ujanja, kariri. Spidi ya mwisho eneo la shule wakati taa zinamweka ni maili 15 kwa saa, mitaa ya makazi 25, eneo la mjini 35. Usijaribu kuzigeuza kilomita kichwani utachanganyikiwa bure. Indiketa unawasha futi 100 kabla ya kukunja kama unakwenda chini ya maili 35, ukiwa 35 kupanda ni futi 300. Taa za fulu, zile kali za mbali, unashusha futi 500 kabla ya kukutana na gari, futi 300 ukiwa nyuma ya mtu. Mi niliandika kwenye karatasi nikaibandika kwenye friji, kila nikitoa maziwa nasoma.

Kitabu chenyewe PennDOT, idara ya usafiri ya Pennsylvania, wanatoa bure kwenye mtandao, na mwisho wa sura kuna maswali ya kujipima. Hayo usiyasome, yafanye, kwa kalamu, na kila ulilokosa andika pembeni "hili nimejibu kidaladala". Utashangaa yanavyofanana. Muache mke akuulize jioni, si kajifanya mjuaji.

SWALI: Da, mimi natoka Bukavu, niko Erie. Kwetu tunaendesha kuume kama huku, kwa hiyo mtihani nimepita. Sasa na hii lena naweza kujiendesha mwenyewe kwenda kazini usiku? Nina leseni ya Congo pia, hawawezi kuibadilisha tu?
Mama Erie

JIBU: Hongera mama! Peke yako hapana, hata kama kazi iko mtaa wa pili. Lazima kiti cha mbele pembeni yako akae mtu mwenye leseni wa miaka 21 kwenda juu, au mumeo akiwa na leseni na ametimiza 18. Kwa mtu mzima kama wewe hamna kusubiri ile miezi sita wanayosubiri walio chini ya miaka 18, ukijiona uko tayari unapanga siku ya mtihani wa barabarani. Kubadilisha bila mtihani wamekubaliana na nchi chache, Ujerumani na Ufaransa zimo, Congo haimo. Kwa hiyo tafuta jamaa wa shifti moja na wewe mwenye leseni, akae pembeni, mafuta weka wewe.