Linki inayofungua moja kwa moja kwenye Ibara ya 220

Umeuliza, yaya, kama linki inaweza kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye Ibara ya 220 ya Katiba ya Kongo (DRC). Inawezekana, tena bila programu yoyote. Mwishoni mwa anwani ya ukurasa ongeza #:~:text= kisha maneno yenyewe, na penye nafasi weka %20. Kwa Katiba yetu ya Kifaransa itaishia hivi: #:~:text=Article%20220. Anayebonyeza anapelekwa palepale, na maneno yanapakwa rangi.

Ila ukurasa ukitaja maneno hayo mara mbili, yanapakwa rangi pale yanapotokea kwanza tu. Katiba hiyo inajitaja yenyewe kila mara, kwa hiyo ongeza maneno mawili matatu yanayofuata. Kama unataka aya nzima, andika maneno ya mwanzo, alama ya mkato (,), halafu ya mwisho. Usinakili aya yote, linki itakuwa ndefu kama mkia wa ng'ombe.

Kwenye kivinjari cha Chrome huna haja ya kuandika chochote: shika maneno kwa kidole, chagua kunakili linki ya sehemu uliyoshika. Chrome ilianza kuelewa linki hizi 2020, kivinjari kingine, Firefox, kikachelewa hadi 2024, ndiyo maana zamani ilikuwa inagoma kwa wengine. Simu ya zamani itafungua ukurasa juu kabisa, haiharibiki kitu. Ni vilevile mwenye tovuti akibadilisha maneno.

Mimi huku Bukavu ndivyo ninavyotumia wanafunzi wangu wa sheria vifungu kwenye WhatsApp. Ukimwambia mtu ashuke mwenyewe hadi 220, anaishia 12.